Maneno Yaliyoziba Picha

Nimezichoka sifa hizi, na kwa kuwa sijaona anayezijibu, nitazijibu mimi. Kila wanapokutana wapenzi wa vibonzo vya zamani, vile vya roketi na sayari na mashine za kusafiria katika wakati, husomwa risala ile ile: kwamba Marekani ya miaka ya 1950 ilikuwa na wachoraji na waandishi waliozitwaa hadithi bora za sayansi za zama zao wakazigeuza picha kwa uaminifu usio na mfano, kwamba kilele cha sanaa hiyo ni majarida ya Weird Science na Weird Fantasy, yaliyotolewa na kampuni ya EC ya New York, na kwamba Ray Bradbury, ambaye nathari yake iko karibu na ushairi kuliko ya wenzake wengi wa fani hiyo, hakupata kutendewa haki na mtu kama alivyotendewa na mhariri Al Feldstein na wachoraji wake. Sasa risala hiyo imejalidiwa. Majarida yaliyouzwa kwa senti kumi yamechapwa upya kuwa vitabu vizito vya karatasi ya kung'aa, na wasifiaji wake hawaishi kutamka neno moja: uaminifu.

Mimi ni mtunga mashairi na mfasiri. Neno uaminifu ndilo mkate wangu, na ndilo jiwe lililomo ndani ya mkate huo. Kazi ya tafsiri inaposifiwa kwa uaminifu wake tu, huuliza: uaminifu kwa nani? Maana kumhamisha Bradbury kutoka ukurasa wa maneno hadi ukurasa wa picha ni kufasiri, kama vile kumtoa Mwingereza katika Kiingereza na kumtia katika Kiswahili. Lugha ziko mbili hapo. Anayeifikia lugha ya pili bila ya kukubali kuiacha ile ya kwanza hajafasiri, amebandika.

Basi dai langu ni hili, na wasiolipenda nawakaribisha waje na majarida yao. Nyingi katika hadithi za Bradbury zilizochorwa na EC kwa idhini yake ni michoro mizuri iliyobandikwa chini ya nathari nzuri, na vizuri viwili hivyo vinabanana mpaka kila kimoja kinakosa pumzi. Ile iliyo bora kuliko zote iliibwa.

Kosa halikutokana na uhaba wa vipaji. Lilitokana na namna kazi ilivyopangwa. William Gaines aliirithi kampuni mwaka 1947, baba yake alipofariki katika ajali ya boti, na baada ya muda akampata Feldstein, kijana aliyezaliwa 1925, mchoraji aliyejua pia kuandika. Feldstein aliandika hadithi moja kwa moja juu ya karatasi ngumu za kuchorea. Aligawa fremu, akaweka visanduku vya maelezo, akaweka maputo ya mazungumzo. Karatasi zikaenda kwa mwandika herufi, ambaye alitumia kifaa kiitwacho Leroy, aina ya rula yenye mifuo ya kuongozea kalamu, ambayo kazi yake ya asili ni kuandikia michoro ya wahandisi. Maneno yote yalipokwisha kukaa mahali pake, tena kwa herufi zilizonyooka kama za hati ya serikali, ndipo karatasi zikamfikia mchoraji.

Aliyewahi kuchelewa harusini akakuta viti vyote vimekaliwa atanielewa. Mchoraji wa EC alialikwa akiwa wa mwisho. Nafasi aliyopewa ni ile iliyosazwa na maneno, na maneno ya Feldstein hayakuwa na kawaida ya kusaza. Katika kurasa nyingi kisanduku cha maelezo hula theluthi ya fremu, mara nyingine nusu, na kinachosemwa humo ni kile kile ambacho mchoraji anatakiwa akionyeshe: mtu aligeuka, uso wake ukapauka, mkono wake ukakamata mtutu. Chini yake unamwona mtu amegeuka, uso umepauka, mkono umekamata mtutu. Kwetu mtu akikwambia jambo, akakuonyesha, kisha akakwambia tena, utadhani amekuona huna akili.

Chukua hadithi ya Bradbury ya nyumba iliyobaki peke yake, "There Will Come Soft Rains", ambayo kwa mara ya kwanza ilitoka katika jarida la Collier's mwaka 1950, kisha ikaingia katika kitabu chake The Martian Chronicles mwaka huo huo. Humo kitabuni siku yenyewe ni tarehe 4 Agosti 2026. Bomu la atomiki limekwisha kuangukia mji. Hakuna mtu. Nyumba ya mitambo inaendelea kupika kifungua kinywa, kutangaza saa, kusafisha sakafu na kuwasomea shairi watu wasiokuwapo. Kwenye ukuta wa magharibi rangi imeungua kuwa nyeusi, isipokuwa mahali penye vivuli vya watu: baba akikata majani, mama ameinama kuchuma maua, mtoto wa kiume mikono juu, mpira hewani, na binti aliyekuwa akiungoja. Mpira ule haukuanguka.

Mtu angetafuta dunia nzima asipate hadithi inayotamani kuchorwa kuliko hii. Haina mhusika hata mmoja wa kuzungumza naye. Picha ya nyumba tupu yatosha. Picha ya ukuta yatosha na kuzidi. Wally Wood, aliyezaliwa 1927 na aliyekwisha kuwa bingwa kabla ya kufika miaka thelathini, ndiye aliyeichora, ikatoka katika Weird Fantasy namba 17 ya mwaka 1953. Alikuwa na mkono wa kuifanya kazi hiyo. Hakuna aliyechora mitambo kama yeye: nyaya, vioo, vipimio, mwanga ukitoka pande mbili au tatu kwa pamoja mpaka chuma kinaonekana kina joto. Lakini akakuta viti vimekaliwa. Nathari ya Bradbury imeketi juu ya kila fremu ikieleza ukimya, na ukimya unaoelezwa si ukimya tena. Ni kama mtu anayesimama mlangoni mwa nyumba ya msiba akipaza sauti kuwaambia wapitao kwamba humu ndani watu wamenyamaza.

Watetezi watanijibu: lakini hayo ni maneno ya Bradbury mwenyewe, ungetaka yatupwe? Ndiyo, ningetaka mengi yatupwe. Uzuri wa maneno ya Bradbury uko katika tashbihi zake, na tashbihi ni picha iliyokwisha kuchorwa ndani ya kichwa cha msomaji. Anapowafananisha watu waliotawanyika angani, chombo chao kilipopasuka, na vijidudu vinavyotapatapa, akili yangu huona vijidudu na watu kwa mara moja, kimoja juu ya kingine, na hapo ndipo penye ladha. Ukiniwekea na mchoro wa watu waliovaa mavazi ya angani, umenilazimisha nichague. Jicho huchagua mchoro, maana ndivyo lilivyoumbwa, na tashbihi inabaki juu kisandukuni kama nguo ya sikukuu iliyotundikwa kwenye kamba siku ya mvua.

Hapa visiwani hatuna haja ya kwenda New York kujifunza namna maneno na picha yanavyoweza kukaa pamoja. Tunayo kanga. Tazama kanga iliyochapwa korosho, nyanya au jahazi, kisha soma jina lake. Ni nadra sana jina likawa linataja korosho. Picha inasema lake, maneno yanasema la jirani au la mke mwenza, na baina ya hayo mawili pana upenyo ambao mvaaji huujaza kwa namna anavyopita mtaani na mbele ya nani. Mwanamke aliyeandikiwa kwenye kanga yake kwamba hii ni picha ya korosho angeirudisha dukani. Feldstein, kwa mapenzi yake yote kwa Bradbury, aliwauzia watoto wa Marekani kanga za namna hiyo kwa miaka mitatu.

Sasa niieleze ile iliyoibwa. Mwaka 1952, katika Weird Fantasy namba 13, ilitoka hadithi iitwayo "Home to Stay!", nayo imechorwa na Wood huyo huyo. Feldstein na Gaines walichukua hadithi mbili za Bradbury zilizokuwamo katika The Illustrated Man ya mwaka 1951, wakazisuka kuwa moja bila ya kumwuliza mwenyewe. Ya kwanza ni "The Rocket Man", ya baba rubani asiyeweza kukaa nyumbani wala kukaa angani, ambaye mkewe humhesabu kuwa amekufa kila anapoondoka. Ya pili ni "Kaleidoscope", ya watu waliomwagika kutoka katika chombo kilichopasuka, kila mmoja akienda upande wake huku wakizungumza kwa redio mpaka sauti zinakatika. Na mmoja wao anaiangukia dunia, anawaka, na mtoto aliye chini anamwona kama kimondo. Katika hadithi za asili mtoto huyo na rubani huyo hawajuani. Yule baba wa hadithi ya kwanza anafia ndani ya jua. Mwizi wetu akafanya jambo moja tu: akamfanya mtoto anayekitazama kimondo kuwa mwana wa mtu anayewaka. Mtoto akaomba, kama waombavyo watoto wa kule waonapo kimondo, na alichoomba ni baba yake arudi nyumbani asiondoke tena.

Huo ndio ufasiri! Bradbury hakuliandika tukio hilo, na hata hivyo ni lake mno. Na picha ina kazi ndani yake, kwa sababu sisi tunaotazama tunajua kile ambacho mtoto hakijui, na mchoro wa mstari wa mwanga juu ya mbingu unatosha kubeba ujuzi huo. Visanduku vya maneno vimo, sikatai, na vingine vinapayuka kama kawaida yake. Lakini kiini cha hadithi kimejengwa kwa kuona.

Kilichofuata kinajulikana na kila mpenzi wa majarida hayo, na husimuliwa kwa kicheko. Bradbury aliandika barua ya adabu kabisa, akiwakumbusha kwamba bila shaka walisahau tu kumpelekea dola 50 za haki yake kwa hadithi hizo mbili. Gaines akalipa. Makubaliano yakafanyika, na tangu hapo EC ikatoa hadithi zaidi ya ishirini za Bradbury kwa ruhusa na kwa kutaja jina lake. Mimi nami hucheka, lakini kicheko changu kina uchungu, maana siku ile deni lilipolipwa ndiyo siku ujasiri ulipokwisha. Mwizi alikuwa fundi. Alipohalalishwa akawa karani. Aliogopa kuligusa neno la mtu aliyemlipa. Sitetei wizi, na mtunzi yeyote aliyeona kazi yake ikichapwa bila ya jina lake anajua maumivu yenyewe. Nasema tu kwamba ruhusa ya kuchapa haipaswi kuwa marufuku ya kufikiri.

Na msiniletee hoja kwamba Bradbury mwenyewe aliridhika. Aliridhika, ndiyo. Mwandishi akifungua jarida akakuta sentensi zake zimeheshimiwa kiasi hicho, kwa nini asiridhike? Nimefasiri watu walio hai, na najua wanachokitafuta kwanza wanapoifungua tafsiri. Ni nafsi zao. Msomaji hatafuti hicho.

Mchoraji mmoja alikataa kukaa kimya ndani ya mfumo ule: Bernard Krigstein. Alipewa "The Flying Machine" ya Bradbury, iliyotoka katika Weird Science-Fantasy namba 23 ya mwaka 1954. Ni hadithi ya mfalme wa Uchina katika mwaka 400, anayeletewa habari kwamba mtu anaruka kwa mbawa za mianzi na karatasi. Mfalme anautambua uzuri wa jambo hilo, kisha anaamuru mtu auawe na mashine ichomwe, kwa kuhofia yule atakayeruka kesho akiwa na nia nyingine juu ya Ukuta wake. Krigstein aliacha makusudi mwanga mkali na vivuli vizito vya wenzake. Mistari yake humo ni myembamba, mandhari iko wazi, watu wadogo, kana kwamba ameangalia michoro ya brashi ya Mashariki akaiamini. Maneno bado yapo juu, lakini kwa mara moja nafasi tupu inashindana nayo na kushinda. Mwaka uliofuata, katika hadithi isiyokuwa ya sayansi, "Master Race", alipewa kurasa sita, akadai zaidi, akapata nane. Akachukua makasi akakata karatasi zilizokwisha kuandikwa herufi, akazipanga upya afungue fremu alizozitaka. Makasi yale nayahesabu kuwa tendo la uhakiki kubwa kuliko dibaji zote za vitabu vya karatasi ya kung'aa.

Kuhusu ile safu nyingine maarufu, Classics Illustrated, ambayo Albert Kanter aliianzisha mwaka 1941 kwa jina la Classic Comics, sina haja ya kusema mengi. Lou Cameron aliichora The War of the Worlds ya H. G. Wells mwaka 1955 na The Time Machine mwaka 1956, na mashine zake za miguu mitatu zina kitisho cha kweli. Ningemtunza kwa hizo. Lakini riwaya ya mwaka 1898 kutiwa katika kurasa zisizofika hamsini ni kuichinja. Wells alikianza kitabu chake kwa kuwakumbusha Waingereza kwamba, kabla ya kuwalaani watu wa Mars, wafikirie walivyowafanya wenyeji wa Tasmania. Kwa sisi tuliotawaliwa, hapo ndipo penye kitabu chenyewe. Wazo la namna hiyo halichoreki kwa kuonyesha mji ukiungua, hata uungue vizuri vipi. Safu hii walau ilikuwa na haya: mwishoni mwa hadithi ilimshauri msomaji akatafute kitabu cha asili. Tafsiri inayokwambia nenda kasome nyingine ina unyofu wake, ingawa sijui ni nani angenilipa kwa kuandika hivyo chini ya kazi yangu.

Kuna mfano mmoja unaoniumiza zaidi, nao si wa hadithi iliyotoholewa. "Judgment Day", iliyochorwa na Joe Orlando mwaka 1953, ni ya Feldstein mwenyewe. Mkaguzi kutoka duniani anaitembelea sayari ya roboti kuona kama inafaa kuingia katika jamhuri ya nyota. Anakuta roboti wa rangi ya machungwa wamewatenga wa buluu, anawakatalia, anaondoka. Katika fremu ya mwisho anavua kofia yake ya angani, nasi tunamwona kwa mara ya kwanza: ni mtu mweusi. EC walipotaka kuichapa tena mwaka 1956, chombo cha ukaguzi wa vibonzo kilichoanzishwa 1954 kikadai mtu huyo asiwe mweusi. Gaines akakataa, akaichapa ilivyo, katika Incredible Science Fiction namba 33, na hicho ndicho kibonzo cha mwisho kutolewa na kampuni hiyo. Wale wakaguzi, kwa ubaya wao, waliielewa nguvu ya picha kuliko mwandishi wake. Hawakudai neno lifutwe. Walidai uso ubadilishwe. Na Feldstein, mbele ya uso ule uliokuwa unasema kila kitu, bado aliweka kisanduku kikitueleza jasho na rangi ya ngozi ya mtu tunayemtazama.

Jambo hili si la Wamarekani peke yao. Mchapishaji mmoja aliwahi kuniletea kurasa za hadithi ya picha ya zama zile, ya safari ya mwezini, maneno yake yote yamefutwa na visanduku vimeachwa vyeupe, akaniambia: jaza. Kila kisanduku kijae, maana wazi likionekana wazazi watadhani wamepunjwa. Nilijaribu. Kitenzi chetu kinaweza kubeba mtendaji, wakati na mtendwa katika neno moja. "Hakumwona" peke yake ni sentensi nzima. Mara nyingi nilimaliza kisanduku kwa neno moja, na mara nyingine, palipokuwa na majina ya vyombo na vifaa vyenye vya na za zake, maneno yakafurika nje ya mstari. Nilipoacha visanduku vinne vitupu, kwa kuwa picha ilikuwa imekwisha kusema, kazi ikarudishwa kwangu na wino mwekundu. Viandikwe, akasema, walau "akashangaa."

Watoto wetu ndio watakaozisoma kurasa za namna hiyo, kwa Kiswahili chenye "akashangaa" juu ya kila mtu aliyeachama kinywa. Wasomaji hao hao baadaye huletewa shairi, wakauliza kwa nini mshairi hakusema wazi. Wangejuaje kuuliza jingine?

Kama yupo mwenye haki na fedha za kuifasiri upya ile nyumba ya Agosti 2026, nitaifanya kwa masharti haya. Maelezo yasiwepo kabisa. Maandishi pekee yawe sauti ya nyumba, inayotangaza saa, na yapungue ukubwa fremu baada ya fremu kadiri moto unavyopanda. Ukuta wa magharibi upewe ukurasa mzima: baba, mama, mtoto mikono juu, mpira, binti. Mchapishaji anayeogopa ukurasa usio na neno aniambie mapema, nisipoteze wino.